Majani ya Chini ya Kabeji: Yapi Yaondolewe, Yapi Yaachwe

Kila msimu miche ya kabeji inapoanza kutanda mashambani, wakulima wa Kaunti Ndogo ya Msambweni huwauliza maafisa wa kilimo swali lile lile: je, majani ya chini yanyofolewe ili kichwa kipate kunenepa, au yaachwe yalivyo? Wapo wanaoyaondoa yote, mmea ukabaki shina tupu na kichwa kidogo juu yake kama mnazi. Wapo pia wasiogusa kitu, hata jani likioza na kunata udongoni.

Jibu fupi ni hili. Jani la kijani lenye afya liachwe hadi siku ya kuvuna. Jani lililogeuka manjano, lililolala kwenye udongo na kuanza kuoza, au lenye dalili za ugonjwa, liondolewe. Lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyekwisha kununua mbegu, mbolea na mafuta ya pampu ya maji. Anahitaji kujua sababu, maana jani la manjano lina habari inayomhusu mfukoni, na akilitupa bila kulisoma anaweza kupoteza shamba zima.

Mazoea ya kunyofoa majani ya chini yametoka kwa sukuma wiki. Nyumba nyingi, kuanzia Gombato hadi Ramisi, zina mashina kadhaa ya sukuma wiki karibu na jiko au bafu, mahali yanapomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Sukuma wiki huvunwa kutoka chini kwenda juu: majani mawili matatu leo, mengine wiki ijayo, na shina linazidi kurefuka. Mkulima akihamia kwenye kabeji, mkono unafuata njia uliyoizoea. Na kwa kweli mimea hii miwili ni ndugu wa karibu mno. Wataalamu wa mimea huiweka katika jamii moja, Brassica oleracea, pamoja na koliflawa na brokoli. Binadamu ndiye aliyeitenganisha kwa kuchagua mbegu miaka na miaka. Huku akachagua majani, kule akachagua kichwa.

Tofauti iko hapo kwenye kichwa. Sukuma wiki haina mwisho wa kutoa majani ilimradi ina maji na mbolea, kwa hiyo jani lililochumwa hulipwa na jingine. Kabeji haiko hivyo. Kwanza hujenga majani mapana ya nje, kumi na zaidi kulingana na aina ya mbegu, yakiwa yametanda kama ungo. Baada ya hapo jicho la katikati huanza kujikunja na kufunga. Tangu siku hiyo karibu kila jani jipya linazaliwa ndani ya kichwa, haliji tena kuchukua nafasi ya lile la nje lililonyofolewa. Majani ya nje ni hesabu iliyofungwa. Ukipunguza moja, limepungua hadi mwisho wa msimu.

Kichwa hula kutoka nje

Ukikata kabeji katikati utaona majani ya ndani ni meupe. Weupe huo ndio hoja nzima. Jani hutengeneza chakula kwa kutumia mwanga wa jua, na rangi ya kijani ndiyo inayokamata mwanga huo. Ndani ya kichwa ni giza. Majani meupe hayawezi kujilisha; uzito wote ulio humo, ukiacha maji na madini yanayopanda kutoka kwenye mizizi, umetengenezwa na majani ya kijani yaliyotanda nje na kusafirishwa ndani kama sukari. Kichwa cha kilo mbili ni ghala, na majani ya nje ndiyo shamba lililolijaza.

Kuna maneno yanayosikika sana vijijini kwamba majani ya chini "yanakula bure", yaani yanamnyang'anya kichwa chakula. Hayo si kweli. Jani likishakomaa halirudi kuwa mtoto wa kulishwa na wenzake. Likipata jua linatengeneza sukari na kuitoa. Likizibwa na kivuli linatengeneza kidogo zaidi, lakini hata hapo haliombi kwa jirani. Likizeeka kabisa, mmea wenyewe hulifyonza: nitrojeni iliyomo huvutwa na kupelekwa kwenye majani machanga na kichwa, ndipo jani linageuka manjano na kudondoka. Kulinyofoa lingali kijani ni kuitupa njiani mbolea ambayo mmea ulikuwa uirudishe nyumbani.

Wakati nao una uzito wake. Mche mdogo wa wiki mbili tatu tangu kupandikizwa una majani machache, na kila moja ni sehemu kubwa ya nguvu zake, ukiyapunguza unachelewa. Kipindi cha hatari zaidi ni pale jicho linapoanza kujikunja mpaka kichwa kifikie ukubwa wa ngumi mbili, kwa kuwa hapo ndipo ghala linajazwa kwa kasi. Kichwa kikishakuwa kigumu ukikibonyeza, na siku za kuvuna zimekaribia, jani moja au mawili ya chini hayabadilishi uzito kwa kiasi cha kuonekana. Tatizo ni kwamba wengi hunyofoa katikati, wakati kichwa ndio kwanza kinafunga, kwa nia njema ya kukisaidia.

Chukua mfano wa ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mistari na 45 kati ya mche na mche. Ekari hiyo hubeba karibu miche 15,000. Kila kichwa kikipungua robo kilo tu kwa sababu ya majani yaliyotolewa mapema, ni kilo 3,750 zisizofika sokoni. Huo ni mfano wa hesabu, si kipimo kutoka shamba fulani, lakini unaonyesha jinsi kitu kidogo kinavyoongezeka. Na kabeji katika soko la Ukunda huuzwa kwa kichwa, bei ikifuata ukubwa unaoonekana kwa macho. Kichwa kidogo cha Msambweni kikiwekwa kando ya kikubwa kilichoshuka kwa lori kutoka bara, mnunuzi hana haja ya mizani.

Majani ya nje yana kazi ya pili ambayo huku pwani ina umuhimu mkubwa kuliko Kinangop au milima ya Taita. Kabeji ni mmea wa baridi. Hupenda joto la nyuzi 15 hadi 20, na Msambweni mchana hupita hapo karibu mwaka mzima. Majani yaliyotanda hufunika udongo kama mkeka. Unyevu haukauki upesi, mizizi ya juu haichomeki, na magugu yanakosa mwanga. Shamba lililovuliwa majani linahitaji maji mengi zaidi, na udongo wa kichanga wa ukanda wa bahari hauna subira. Kichwa chenyewe kikiachwa wazi kwenye jua la Februari, upande mmoja hupauka na kuwa kama karatasi.

Isichanganywe, hata hivyo, na majani kunywea mchana. Saa saba za jua kali majani makubwa ya nje hulegea na kushuka hata kama udongo una maji, kwa sababu yanapoteza unyevu haraka kuliko mizizi inavyovuta. Yakisimama tena jioni, mmea hauna shida. Yakibaki yamelala hadi alfajiri, hapo mkulima aangalie maji, mizizi, au ugonjwa.

Manjano si moja

Jani la chini likigeuka manjano, kabla ya kulitoa liangaliwe vizuri: rangi imeanzia wapi, imekwenda vipi, na ni mimea mingapi.

Likiwa jani moja au mawili ya chini kabisa, kwenye mmea mkubwa uliofunga vizuri, na manjano yameenea sawasawa, huo ni uzee. Liondolewe au liachwe lidondoke lenyewe, halina madhara. Faida ya kuliondoa ni kupitisha hewa chini ya mmea na kuwanyima konokono na majongoo kivuli cha kulala. Konokono wakubwa wa pwani hujificha mchana chini ya majani yaliyogusa udongo na kutoka usiku kula machanga. Anayepita asubuhi na kuyainua majani ya chini atawakuta na kuwaokota kwa mkono, tena bila gharama.

Manjano hayo hayo yakionekana kwenye majani ya chini ya shamba zima, mimea ingali midogo na majani ya juu yakiwa ya kijani hafifu, hiyo ni njaa ya nitrojeni. Mmea unahamisha chakula kutoka majani ya zamani kwenda kwa machanga kwa sababu udongo hautoi cha kutosha. Hutokea sana baada ya mvua kubwa za Aprili na Mei, kwani maji yanayopenya kwenye mchanga hushuka na mbolea. Kunyofoa majani hapa ni kuficha dalili. Dawa yake ni mbolea ya kukuzia, kama CAN, kijiko kimoja cha chai kwa kila mche, ikizungushwa kwa duara umbali wa kama sentimita 10 kutoka kwenye shina na kufukiwa kidogo udongo ukiwa na unyevu. Kwa miche 15,000 inahitajika kama mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Wiki tatu baada ya kupandikiza ni wakati mzuri, na mara ya pili kichwa kinapoanza kufunga. Majani yaliyokwisha kuwa manjano kabisa hayarudi, lakini mapya yatatoka na rangi yake. Mwenye samadi iliyooza vizuri ana nafuu zaidi, kwa sababu samadi hushika maji na mbolea visishuke upesi, na hicho ndicho mchanga unachokosa.

Kingo za majani ya chini zikikauka na kuwa kahawia, mstari mwembamba unaozunguka jani kama umeunguzwa, na maji ya kumwagilia yanatoka kwenye kisima kilicho karibu na bahari, shaka ya kwanza iwe chumvi. Chumvi hukusanyika kwenye majani ya zamani kwanza. Njia rahisi ya kuanzia ni kuyaonja maji. Yakiwa na ladha ya chumvi mdomoni, kabeji nayo imeshaionja. Visima vingi huzidi chumvi mwishoni mwa kiangazi maji yanaposhuka. Mkulima wa mahali hapo apande kabeji ili sehemu kubwa ya maisha yake iangukie kwenye mvua, au achague zao linalovumilia.

Madoa ya mviringo ya kahawia yenye pete ndani ya pete ni ugonjwa wa ukungu. Huanza kwenye majani ya chini na kupenda unyevunyevu. Hapa kuondoa majani machache yaliyoathirika mapema kunasaidia kweli, pamoja na kuacha nafasi ya kutosha kati ya miche.

Lipo jani moja ambalo mkulima hapaswi kulala nalo. Ni lile lenye manjano ya umbo la V, mdomo mpana ukiwa kwenye ukingo wa jani na ncha ikielekea mshipa wa katikati, na ndani ya manjano hayo mishipa imekuwa myeusi kama imechorwa kwa kalamu. Huo ni uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria. Ukikata kikonyo au shina la mmea ulioathirika sana utaona duara jeusi mahali mishipa inapopita. Bakteria hawa huingia kupitia vitundu vidogo vilivyo kwenye ukingo wa jani, mahali yale matone ya maji huonekana alfajiri, na kupitia kila jeraha. Hupenda joto na maji, na Msambweni wakati wa masika una vyote viwili. Huja na mbegu yenye ugonjwa au mabaki ya msimu uliopita, kisha matone ya mvua huwarusha kutoka jani hadi jani.

Hakuna dawa ya kuuponya mmea ulioingiwa. Dawa za shaba hupunguza kuenea tu. Ndiyo maana namna ya kuondoa majani ni muhimu kuliko kuondoa kwenyewe. Mtu anayepita shamba zima asubuhi na umande akinyofoa majani ya chini, mkono wake ukishika jani lenye V na kisha kufungua jeraha jipya kwenye mmea wa pili na wa tatu, anafanya kazi ambayo mvua ingeifanya kwa wiki mbili. Mashamba mengine yamekwisha kwa njia hiyo, na lawama ikawekwa kwa mbegu.

Namna ya kuyaondoa

Kazi ifanywe siku ya jua, umande ukishakauka, kuanzia kama saa nne asubuhi. Isifanywe mvua ikinyesha wala mara baada ya kumwagilia kwa bomba juu ya majani. Mkulima aanze na sehemu ya shamba isiyo na ugonjwa, amalizie kwenye yenye ugonjwa, na asirudi nyuma kabla ya kunawa kwa sabuni. Kisu kikitumika kifutwe kwa spiriti au kichovywe kwenye maji yenye klorini kabla ya kuhamia mmea mwingine. Kwa jani la uzee mkono unatosha: lishikwe karibu na shina, lisukumwe chini na pembeni hadi livunjike penyewe. Likivutwa kwa nguvu huchana ngozi ya shina, na hilo ni jeraha kubwa kuliko jani lenyewe.

Yasitolewe zaidi ya majani mawili kwa mmea mmoja kwa mara moja. Kama mmea unahitaji kutolewa manne au matano kwa sababu ya uozo mweusi, ni afadhali kuung'oa wote pamoja na mizizi.

Majani ya uzee yanaweza kwenda kwenye shimo la mboji au kuachwa kati ya mistari kama matandazo. Yenye ugonjwa yasiachwe shambani hata kidogo. Yafukiwe mbali, kina cha urefu wa mkono, au yakaushwe na kuchomwa. Bakteria wa uozo mweusi huishi kwenye mabaki hadi yaoze kabisa, kwa hiyo shamba hilo lisipandwe kabeji, sukuma wiki wala koliflawa kwa angalau miaka miwili. Spinachi ya majani makubwa inayouzwa sokoni si ya ukoo huu, wala mchicha, bamia, bilinganya, kunde au mahindi, kwa hiyo shamba halikai bure.

Wako pia wanaonyofoa majani ili kupunguza viwavi. Hili lina faida ndogo. Viwavi wa nondo wa kabeji, wale wa kijani wanaojitikisa na kuning'inia kwa uzi ukiwagusa, wanakaa upande wa chini wa majani yote, na wenye madhara zaidi ni walioingia kwenye jicho. Mwaka 2002, katika kaunti jirani ya Taita Taveta, watafiti wa kituo cha icipe waliachilia nyigu wadogo waliotolewa Taiwan ili wawashambulie viwavi hao. Nyigu hao hupenda baridi ya milimani, hivyo mkulima wa pwani hawezi kuwategemea. Njia yake ni kukagua majani pande zote mbili mara mbili kwa wiki na kutumia dawa zenye bakteria wa Bt viwavi wakiwa wadogo. Jani lililojaa vidukari tele, hilo linaweza kutolewa na kufukiwa.

Mboga ya leo na kichwa cha kesho

Si kila anayenyofoa majani anafanya hivyo kwa kutojua. Mara nyingine nyumba haina mboga. Kabeji itakuwa tayari baada ya miezi miwili na zaidi, lakini ugali au wali uko mezani leo, na majani mapana ya kijani yako hatua ishirini kutoka jikoni. Yakikatwa vyembamba na kupikwa kwa tui la nazi hayana ubaya wowote, na kwa lishe majani ya nje ya kijani yana vitamini A nyingi kuliko sehemu nyeupe ya ndani. Kwa hiyo kumkataza mama kuchuma bila kumpa njia nyingine si ushauri.

Njia yenyewe ni kutenga mboga ya majani tangu siku ya kupanda. Mstari mmoja wa sukuma wiki na tuta moja la mchicha pembeni mwa shamba vitalisha nyumba wakati kabeji inajenga kichwa. Mchicha huanza kuliwa baada ya wiki tatu hadi nne. Kunde nazo hutoa majani kabla ya mbegu.

Kuna sababu nzito zaidi ya kutochuma kabeji kiholela. Kabeji hupigwa dawa ya wadudu mara nyingi, na majani ya nje ndiyo yanayopokea dawa. Kila kopo la dawa lililosajiliwa na bodi ya PCPB lina maandishi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Mara nyingi aliyepiga dawa ni baba au kibarua, na anayechuma jioni ni mtoto aliyetumwa, ambaye hajaambiwa kitu. Kuosha kwa maji hupunguza dawa iliyo juu lakini hakuiondoi yote, na dawa zinazoingia ndani ya mmea hazioshwi. Shamba likishapigwa dawa, kila mtu wa nyumba hiyo ajulishwe ni siku ipi majani yanaweza kuliwa. Kitambaa chekundu kilichofungwa kwenye mti mlangoni mwa shamba hadi siku hizo ziishe kinaeleweka hata kwa asiyejua kusoma.

Sheria hiyo ya siku za kusubiri inawahusu mbuzi na ng'ombe pia. Na hata majani yasiyo na dawa wapewe yakichanganywa na nyasi; mnyama akijazwa kabeji tupu huvimba tumbo.

Kichwa kikikataa kufunga

Malalamiko makubwa ya Msambweni si kichwa kidogo bali kabeji isiyofunga kabisa: majani mengi, makubwa, yamekaa wazi kama maua. Mkulima hukata tamaa na kuanza kupunguza majani ili "kulazimisha" kichwa. Hakilazimishwi hivyo. Kabeji hujikunja ikiwa joto ni la wastani, mbegu ni ya mahali pa joto, miche haijasongamana, na maji hayakatiki. Mbegu iliyofanya vizuri Nyandarua inaweza kuja kuota majani tu huku. Duka la pembejeo liulizwe wazi kama aina hiyo imetengenezwa kwa nyanda za joto, na pakiti isomwe. Mbegu za kujiwekea nazo hazipatikani hapa, kwani kabeji haitoi maua mpaka ipite kipindi cha baridi ambacho pwani haina.

Majira husaidia kuliko kisu. Kitalu kikianzishwa mwishoni mwa Aprili au Mei chini ya kivuli cha makuti yaliyopangwa mbalimbali, miche huhamishwa baada ya wiki nne hadi sita, na kichwa hufunga kati ya Julai na Septemba, wakati upepo wa kusi umeipoza pwani. Inayopandwa Desemba ifunge Februari inapambana na kaskazi na joto kali la mwaka. Inawezekana kwa mwenye maji mengi na mbegu sahihi, na bei huwa nzuri kipindi hicho kwa sababu hoteli za Diani zina wageni, lakini anayeanza asianzie hapo.

Siku ya kuvuna, kichwa kikatwe kwa kisu kikiwa na majani mawili hadi manne ya nje. Hayo ndiyo gunia lake. Barabarani hadi Ukunda au Kongowea vichwa hugongana na kusuguana, na mama mboga ataondoa majani yaliyochubuka afike kwenye kichwa safi. Kabeji iliyovuliwa shambani huchubuka yenyewe, na siku ya pili madoa huonekana.

Shina lililobaki lisiharakishwe kung'olewa kama mmea ulikuwa mzima. Likiachwa na majani yake ya chini na kupewa maji na mbolea kidogo, hutoa machipukizi pembeni yanayofunga vichwa vidogo. Yapunguzwe yabaki mawili au matatu. Havina soko kubwa lakini vinaliwa nyumbani. Asiyekuwa amenyofoa majani ndiye mwenye bahati hiyo, maana shina tupu halina cha kuyalisha machipukizi. Mmea uliokuwa na uozo mweusi hauna ruhusa hii. Ung'olewe siku hiyo hiyo.

Mkulima mwenye jani asilolielewa alipeleke kwa afisa wa kilimo wa wadi yake, iwe Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo au Ramisi. Lichaguliwe jani lililoanza kuugua, si lililokwisha kuoza, na likatwe pamoja na kikonyo chake. Lifungwe kwenye gazeti kavu; mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na hata hivyo jani hutoka jasho humo na kufika limeharibika. Liandikwe pembeni aina ya mbegu, tarehe ya kupandikiza, mbolea na dawa zilizotumika, na maji yanatoka wapi. Lipelekwe siku hiyo hiyo, asubuhi ikiwezekana.